Babake babu alizaliwa vita vya Mbaruku, kitambulisho chasema 1905. Nani tumsadiki?

Kitukuu_wa_Gatini

Assalaam alaykum wana-uzi, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Naleta hapa kesi ya nyumbani kwa sababu nyumbani imeshindikana. Ukoo wetu una mkutano mwezi ujao Majengo, Mombasa, nami nimetwikwa kazi ya kuandika shajara, yaani mti wa ukoo. Nimeteremka vizuri mpaka kwa babake babu, hapo nimekwama. Mzee huyu ni Mdigo wa upande wa Kwale. Alivuka Likoni kwa mashua akiwa kijana, akawa kuli wa bandari ya Kilindini mpaka mgongo ukapinda, akafa miaka michache baada ya Uhuru. Kaburi lake twalijua. Nyumba aliyoijenga ingalipo, ingawa ardhi iliyo chini yake si yetu mpaka leo (hilo lina uzi wake, msinianze).

Shida ni mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho chake tunacho. Karatasi imekunjwa mara nne hata mikunjo imetoboka, na mahali pa mwaka pameandikwa 1905 kwa wino wa buluu, mwandiko wa karani mwenye haraka zake. Binamu yangu mmoja mhasibu amekishika kama msahafu. Asema serikali imeandika, basi. Tena akaongeza kwamba kama mzee alizaliwa 1905, ile hadithi ya kuchukuliwa upagazi vita vya Mjarumani, vile vya kwanza vya dunia, ni porojo, maana 1917 alikuwa kitoto cha miaka 12, na hakuna ofisa angemtwika mtoto sanduku la risasi.

Upande wa pili yuko nyanya yangu, mkaza mwanawe mzee, aliyempikia na kukaa naye nyumba moja miaka na miaka. Nyanya hajui mwaka hata mmoja wa Kizungu kabla ya Uhuru. Lakini ukimuuliza mzee alizaliwa lini, hakawii: "Alizaliwa mwituni, mamake yuwakimbia vita vya Mbaruku." Hivyo ndivyo mzee alivyokuwa akisema, na ndivyo alivyoambiwa na mamake.

Mimi nimemwegemea nyanya. Vita vya Mbaruku si paukwa pakawa, vina tarehe. Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui wa Gazi, aliingia vitani na Waingereza 1895 baada ya ugomvi wa nani atawale Takaungu. Agosti mwaka huo Waingereza wakaivunja ngome yake ya Mwele, ndani huko Udigoni. Aprili 1896 yeye na watu wake wakavuka mpaka wakajisalimisha kwa Mjarumani. Katikati ya hapo vijiji vilichomwa na watu wakalala misituni. Basi mama aliyejifungua akikimbia vita hivyo ametuachia miaka miwili tu ya kuchagua, 1895 au 1896. Kwangu hiyo ina nguvu kuliko 1905 ya karani.

Nani amepitia kesi kama hii? Mliamuaje?

SitakiHadithi

Ndugu, usinichukie. Kila mzee wa Pwani alizaliwa vitani, au mwaka wa reli, au mwaka wa njaa. Sijawahi kusikia aliyezaliwa Jumanne tu, watu wakala, wakalala. Watu hupenda kujibandika kwenye mambo makubwa wakishakufa hawawezi kuulizwa. Babu yenu alikuwa akitafuta unga.

Halafu Mbaruku kapigana mara ngapi? Alishawasumbua Masultani wa Unguja miaka mingi kabla Mwingereza hajatia mguu. Wewe umejuaje ni vita vya 1895 na si vile vya nyuma? Kitambulisho ndiyo karatasi pekee uliyonayo. Andika 1905 ulale.

Mdigo_wa_Likoni

@SitakiHadithi swali lako la Mbaruku ni zuri, na kwetu lina jibu. Wazee wetu huvitenga. Vya mwanzo ni vya Mbaruku na Mwarabu wa Unguja. Vya mwisho ni vya Mbaruku na Mzungu, vilivyokuja na mizinga. @Kitukuu muulize nyanya kama mzee alitaja mizinga ama Wazungu. Akitaja, hapo huna shaka.

Na kuhusu upagazi, nawaomba tusiufanye jambo la kando. Mwaka 1914 Kwale ilikuwa mstari wa mbele. Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanga wakaingia Vanga, na Oktoba mapigano yakafika Gazi, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka Mombasa. Watu wetu walibebeshwa mizigo tangu mwanzo, kabla hata ya ule msako mkubwa wa 1917 aliousimamia John Ainsworth nchi nzima. Magari hayakupita, wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, ikabaki shingo ya Mwafrika. Na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi, na kwa ugali wa unga mbichi uliopikwa haraka haraka porini na watu waliochoka. Kwa upande wa Kenya peke yake wakadiriwa kupita 40,000.

Binamu akitaka karatasi ya upagazi, mpe hii: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina popote. Wengi wao ni wa Afrika na Mashariki ya Kati. Ikiwa aliyekufa hakuandikwa, aliyerudi nyumbani na miguu yake ataandikwa na nani?

SitakiHadithi

Sawa, lakini "hawakuandikwa" haimaanishi babake babu wa huyu alikuwako. Kwa hesabu hiyo hata mimi babu yangu alikuwa mpagazi.

Mdigo_wa_Likoni

Na huenda alikuwa. Umewahi kuuliza?

Kitukuu_wa_Gatini

Nimetoka kwa nyanya sasa hivi. Nimemkuta yuachambua mchicha, hakuacha kuchambua.

Nimemuuliza habari za mizinga. Akanambia mzee alikuwa akisema mamake aliisikia Mwele ikipigwa, na kwamba mbuzi walikatika kamba. Mizinga hakuitaja kwa jina. Alisema "radi ya kiangazi". Mdigo, hiyo wewe waionaje?

Halafu akanipa jambo ambalo sikuwa nikilijua kabisa. Mzee alikuwa na mke kabla ya mamake babu. Mke huyo alikufa "mwaka wa homa, vita vilipokwisha", pamoja na mtoto mchanga. Sasa homa hiyo ninaijua, na @SitakiHadithi usiniambie homa zilikuwa nyingi. Ile homa kubwa ya 1918 iliyozunguka dunia iliingia kwetu kwa meli, hapa hapa Mombasa, Septemba mwaka huo, na vita vikaisha Novemba. Mtu aliyezaliwa 1905 angekuwa na miaka 13. Mke na mtoto, katika miaka 13?

SitakiHadithi

Hapo umenibana kidogo. Lakini bado ni neno la mtu mmoja mzee yuachambua mchicha.

Binti_Kuze

Niruhusuni nami niingie, maana naona hapa ni wanaume na vita vyao.

Homa hiyo bibi yangu mzaa mama aliisimulia vile vile, na yeye ni wa Mji wa Kale, hakuwa na habari na Mdigo yeyote. Alikuwa msichana. Alisema Kuze na Mjua Kale walikuwa wakizika asubuhi, wakirudi wakuta jeneza jingine mlangoni, hata sanda ikawa ni kukopana. Kwa hivyo si neno la mtu mmoja.

Lakini ninayo ya kusema. Umeandika "mamake yuwakimbia" ukapita. Mwanamke ana mimba ya miezi tisa, yuko mwituni, nyuma yake kijiji chawaka, akajifungua, akamlea mtoto akaishi miaka sabini. Huyo ana jina? Yumo kwenye shajara? Ama shajara yenu inaanza na kuli kwa sababu ana kitambulisho?

Na jingine. Ukitaka miaka ya wanawake wa mji huu usitafute kwenye vita. Bibi yangu alihesabu kwa lelemama, ngoma ya wanawake. Ukimuuliza mama alizaliwa lini, atakwambia ni ile mara kikundi cha Ibinaal Watan kiliposhindana na Banu Saada, na atakutajia leso iliyovaliwa na nani alitungiwa wimbo wa kumtoa. Wanaume nao kabla ya hapo walikuwa na ngoma ya beni, vikundi vya Kingi na Skochi, wamevaa kama maofisa wa meli. Watu walifilisika kwa ajili ya mashindano yale. Bibi aliyakumbuka kuliko alivyomkumbuka gavana yeyote.

Kitukuu_wa_Gatini

Mama Kuze umenipiga pazuri. Nimemuuliza nyanya. Jina lipo, mzee alikuwa akilitaja kila Alhamisi usiku kwenye khitma. Silitii hapa, la nyumbani hilo, lakini litakuwa la kwanza kabisa kwenye karatasi.

Kengeleni

Mimi nawasoma kwa wivu. Ninyi mwabishana 1895 ama 1905. Sisi wa Frere Town hatuna vita wala homa ya kushikia. Mji wetu ulianzishwa 1875 na wamisheni kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, kengele ingalipo pale njiani, matatu zinapiga honi kando yake. Mamake nyanya wa babu yangu alishushwa hapo akiwa mtoto. Tarehe ya kushushwa ndiyo tumeifanya ya kuzaliwa. Alitoka upande wa Nyasa, ndivyo alivyosema, na zaidi ya hapo hakusema au hakuulizwa. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa jingine, alipewa la kanisani.

Endeleeni. Msinijali.

Mdigo_wa_Likoni

@Kengeleni hatukujali vipi. Fungua uzi wako, tutakuja.

@Kitukuu "radi ya kiangazi" yanitosha mimi.

Kuli_Mstaafu

Wanangu, salaam. Mimi niliingia bandarini kabla Mamlaka ya Bandari haijaitwa KPA, na baba yangu aliingia kabla yangu, wakati wa vita vya pili. Nimewasoma tangu juzi nikicheka peke yangu. Hiyo 1905 naweza kuwaeleza bila ya kumwona huyo mzee.

Ukuli ulikuwa kibarua. Mshahara wa mwezi haukuwako. Alfajiri watu wajikusanya langoni, serahangi, yaani msimamizi wa makuli, atoka, awatazama kama mtu anunuaye ng'ombe Mariakani. Achagua kifua, achagua shingo. Aliyechaguliwa leo kesho huenda asichaguliwe. Mwenye mvi hata hatazamwi. Baba alinisimulia wazee waliokuwa wakipaka piko kichwani usiku, asubuhi jasho likiwatoka jeusi mpaka kwenye kola, na makuli wenzao wanajifanya hawaoni.

Sasa miaka ya 1950, baada ya migomo, waajiri wakaamua bandari iwe na makuli walioandikishwa, wanaojulikana, si kila atakaye aje. Kuandikishwa ilikuwa ndiyo kula yako. Huyo mzee wenu kama alizaliwa 1895, alikuwa anaukaribia ukongwe. Nani angemwandikisha avute magunia ya kahawa na simiti? Akijitia 1905 awa na miaka kama 48, na kuli wa miaka 48 aliyekula samaki na muhogo maisha yake bado ni dume. Kwa hivyo karani hakukadiria. Karani aliandika alichoambiwa. Mzee alijipunguza, na baba yangu mimi naye alijipunguza, miaka minane. Alipokufa tulimwandika umri wa uongo kwenye cheti kwa sababu pensheni ilikuwa imeandikwa hivyo.

Mwulize nyanya pia kama mzee alitaja matishali. Haitakata kesi hiyo, lakini itakuambia kazi yake. Kabla ya 1926 Kilindini haikuwa na gati la maji marefu. Meli hutia nanga, mzigo washushwa kwenye tishali, tishali lavutwa mpaka ufukweni, na kutoka hapo ni mgongo wako. Mawimbi ya kusi yakiwa makali tishali lapanda na kushuka, na gunia lashuka kwa kamba juu ya kichwa chako. Mguu ukiponyoka, basi. Magati mawili ya mwanzo yalipofunguliwa mwaka huo watu wa matishali walilia njaa, wazee wakisema gati limeua kazi. Leo twasema hivyo hivyo kuhusu treni ya makontena, lakini nisitoke nje ya mada.

Kitukuu_wa_Gatini

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma hii nikasimama.

Matishali aliyataja sana. Nyanya asema kidole chake cha mwisho cha mguu wa kushoto hakikuwako, "kililiwa na tishali". Sisi watoto tuliambiwa papa.

SitakiHadithi

Hapo kwenye piko ndipo nimeanza kumwamini huyu babu. Mtu wa kusingizia atajisingizia ushujaa, hatajisingizia kupaka piko.

Mdigo_wa_Likoni

Mzee @Kuli_Mstaafu, kwa kuwa upo, naomba nikuulize la kwetu. Ndugu wa babu yangu aliandikishwa jeshini wakati wa vita vya pili, kikosi cha mizinga, akasema anapelekwa Bama (Burma). Familia ilimsindikiza mpaka ukingoni Likoni wakaona meli ikitoka. Hakurudi, na barua ilikuja ya maneno mawili matatu. Ilikuwa mwanzo wa 1944.

Kuli_Mstaafu

Mwanangu, meli hiyo huenda ni Khedive Ismail. Sisemi ndiyo, nasema huenda. Ilitoka Kilindini mapema Februari 1944 ikienda Colombo pamoja na nyingine kwenye msafara. Ndani yake mlikuwa na Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, na manesi pia. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama katika dakika chache, wengine wasema mbili. Kati ya watu 1,511 walikufa 1,297. Wengi walikuwa chini, hawakuwahi ngazi.

Baba alikuwa kuli wakati huo. Alisema habari zilifika bandarini kwa kunong'onezana, maana kusema meli imezama ilikuwa kosa. Hakuna aliyejua ni nani aliyekuwamo. Watu waliendelea kupakia ya pili yake.

Vita vile, tofauti na vya kwanza, askari waliandikwa majina. Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iko kwenye makaburi ya vita Nairobi, Ngong Road, na majina waweza kuyatafuta kwenye intaneti katika ukurasa wa hiyo hiyo Tume uliyoitaja. Tafuta kwa kikosi, usitafute kwa jina. Majina yetu waliyaandika walivyoyasikia.

Mdigo_wa_Likoni

Nimelipata. Herufi mbili si zake, lakini kikosi ni hicho na tarehe ni hiyo. Mama yangu yuko hapa kando yangu.

Mola akuweke, mzee.

Binti_Kuze

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mpe mama pole zetu.

SitakiHadithi

Pole sana ndugu.

Nirudi kwenye mada kwa heshima. @Kitukuu, na migomo? Mzee wenu kuli wa miaka yote hiyo, lazima alikuwamo 1947. Aliyeuongoza ni Chege Kibachia, huo ndiyo mgomo wenyewe. Alisema nini juu yake? Na huko Kiembeni walikokuwa wakikutana, ni Kiembeni ya Bamburi? Walitembea mbali hivyo?

Kuli_Mstaafu

La hasha. Kiembeni ya Bamburi ni mtaa wa juzi. Hiyo ya mgomo ilikuwa uwanja, Majengo, hapa kisiwani. Mgomo ulianza 13 Januari, watu kama 15,000, na si bandari tu. Reli, hoteli, mpaka wapishi na madobi wa Wazungu waliacha pasi mezani. Kila siku watu hukutana Kiembeni kusikiliza. Ulichukua siku kama kumi na mbili. Agosti wakamkamata Kibachia, wakampeleka Baringo akakaa huko miaka na miaka. Kabla yake palikuwa na mgomo wa 1939, na baada yake wa 1955 aliouingilia Tom Mboya. Lakini ule wa 1947 mji wote ulisimama.

Kitukuu_wa_Gatini

Hapa mtashangaa kama nilivyoshangaa. Nimemuuliza nyanya juu ya Kibachia, hamjui. Juu ya mgomo, akafikiri kidogo, kisha: "Ah, mwaka wa muhogo."

Kumbe mzee alikuwa akiuita hivyo. Hela hakuna, maduka yamekataa kukopesha, basi jamaa wa ng'ambo wakawa wanavusha muhogo kutoka Likoni kwa mashua, magunia kwa magunia, na Majengo nzima ikala muhogo: wa kuchemsha, wa nazi, wa kuchoma, mpaka watoto wakawa walia wakiuona. Mzee hakuula tena maisha yake yote. Nyanya alipoolewa nyumba ile aliambiwa jambo hilo la kwanza kabisa: mkweo hapikiwi muhogo.

Ndilo alilobaki nalo katika mgomo mkubwa kuliko yote wa Mombasa. Na 1963 vivyo hivyo. Bendera nyekundu ya Sultani iliposhuka Ngomeni, vijana walikwenda kushangilia, wengine wa Mwambao, waliotaka Pwani ijitawale, walikaa ndani wakinuna. Mzee hakwenda wala hakununa. Aliuliza: "Na ardhi?" Maana yake, yeye alikuwa na nyumba tu, kiwanja ni cha mwenyewe, na kila mwezi alipeleka kodi ya ardhi. Risiti zake tunazo, zimefungwa kwa uzi wa gunia. Na jibu la swali lake lilikuwa limeshatiwa saini London tarehe 5 Oktoba mwaka huo, serikali ya Sultani na ya Kenyatta zilipokubaliana ukanda wa Pwani uwe Kenya: dini ilindwe, makadhi wabaki, na wenye hati za ardhi waendelee kutambuliwa. Hati zenyewe zilitolewa na Mwingereza tangu sheria ya 1908. Mwenye hati alibaki nayo. Mwenye risiti alibaki na risiti.

Kwa hivyo @SitakiHadithi, ulisema alikuwa akitafuta unga. Ndiyo. Lakini tazama unga huo ulivyopanda na kushuka.

Mhasibu_Makini

Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na watu watatu tofauti. Ndiyo, mimi ndiye binamu.

Kwanza, sikusema "porojo", nilisema "haijathibitishwa". Pili, hakuna aliyenieleza habari za mke wa kwanza, wala nyanya hajawahi kunitajia, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila mwezi. Tatu, nimepiga hesabu. Homa yaniridhisha. Piko pia yaniridhisha, kwa mintarafu ya kazi. Upagazi bado. Kuwa na umri wa kuchukuliwa si kuchukuliwa.

Tena nauliza: kama alijipunguza, mbona miaka kumi kamili? Si ingetosha mitano?

Kuli_Mstaafu

Mwanangu mhasibu, serahangi hapigi hesabu. Mitano haionekani usoni.

Binti_Kuze

Na nyanya hakukutajia kwa sababu hukumuuliza. Huko kliniki mwaongea nini?

Mhasibu_Makini

Tunaongea presha.

Kitukuu_wa_Gatini

Binamu, karibu. Napendekeza iandikwe hivi:

Mamake, jina lake kamili, aliyekimbia Mwele ilipopigwa. Kisha yeye: amezaliwa 1895 au 1896, vita vya Mbaruku. Kitambulisho: 1905. Mke wa kwanza na mtoto, wamekufa 1918, homa. Kazi: kuli, matishali kisha gati. Upagazi vita vya kwanza: kwa kauli yake mwenyewe.

Mhasibu_Makini

"Kwa kauli yake mwenyewe" nimeikubali. Lakini 1905 isitiwe kwenye maandishi madogo chini kama tangazo la benki. Saizi moja na hiyo nyingine.

Kitukuu_wa_Gatini

Saizi moja. Na wewe ndiye utakayemsomea nyanya siku ya mkutano, nataka umsikie mwenyewe akikukatiza.

Kuli_Mstaafu

Na chakula cha siku hiyo? Msije mkatia muhogo.

Binti_Kuze

Hebu mwacheni nyanya achague. @Kengeleni, huo uzi wako tunausubiri, na mimi nina bibi wa Ibinaal Watan wa kumfungulia wake. Kama kuna mwenye picha za lelemama za kabla ya Uhuru, leso zionekane maneno, aniandikie.